Mafuta Mazito Yaliyokataa Kuzama

Nyumbani walimwita Wakili, kwa sababu ukimwambia akalale alitaka kwanza kusikia hoja zako. Lakini kwenye maonyesho ya sayansi ya mwaka jana mtoto huyohuyo aliulizwa swali dogo tu, "Kwa nini?", ulimi ukamganda. Aliangalia viatu vyake mpaka jaji akahamia meza nyingine. Baba yake, fundi rangi, alikuwa amesimama pale nyuma, na jambo lile lilimkaa kooni mwaka mzima. Mwaka huu akajiapiza kwamba mtoto hatakosa la kujibu.

Kwa hiyo Jumamosi mchana, mama mtu akiwa kazini, baba na binti waliingia jikoni kusaka vitu vya majimaji vitakavyokaa tabaka juu ya tabaka kwenye jagi la kioo bila kuchanganyika.

Jikoni pakageuka soko. Asali ya bibi ya kikohozi. Sabuni ya maji ya kuoshea vyombo. Maji ya bomba, Wakili akayatia wino mwekundu. Mafuta ya kupikia. Fundi akaleta na kopo la rangi ya ukuta. Wakili akadondosha tone moja kwenye kikombe cha maji, kikombe kizima kikachafuka.

"Hii inashikana na kila mtu," akasema. "Haifai."

"Siki je?"

"Nayo na maji ni ndugu, baba. Hutawatenganisha."

"Haya. Basi kizito ndicho kinakwenda chini. Asali, sabuni, mafuta, halafu maji juu. Mafuta ni mazito, hata ukifumba macho ukiyagusa utajua."

Na kwa kuwa mwandiko wake ulikuwa unasifiwa mtaa mzima, hakungoja. Alichukua brashi akaandika kwenye ubao wa maonyesho, kwa rangi ya mafuta: MAFUTA NI MAZITO, YANAZAMA.

Bibi, aliyekuwa kwenye kigoda anachambua maharage, akainua macho. "Ungemimina kwanza, mwanangu, ndiyo uandike."

"Mama, mimi nimekoroga madebe maisha yangu yote."

Wakili akamimina taratibu, kwa mgongo wa kijiko. Asali ikalala chini. Sabuni ikapanda juu yake. Yakafuata mafuta, na mwisho maji mekundu. Maji hayakukaa juu hata kidogo. Yalipenya yakashuka, na mafuta yakapanda polepole, yakatulia kule juu kama mgeni aliyepewa kochi.

"Yamechakachuliwa," fundi akasema, tayari ana chupa mkononi na kandambili moja mguuni. "Yule mwenye duka leo atanieleza."

"Kaa chini," akasema bibi. "Jaribu haya yangu ya nywele."

Ya nywele nayo yakapanda.

"Na haya kayachakachua nani?" bibi akauliza.

Fundi akauangalia ubao, na alichokiona ni mtoto mbele ya jaji, macho kwenye viatu. "Lete niupake mweupe," akasema kwa sauti ya chini. "Tuandike upya."

Wakili hakuleta. Alikuwa amekunja uso.

"Baba, rangi ikiwa nzito mnafanyaje?"

"Tunaongeza maji, ipate kuteleza kwenye brashi."

"Kwa hiyo ni nzito ya kukoroga, siyo nzito ya kubeba." Akageuka. "Bibi, uji mzito je?"

"Ule kijiko kinasimama chenyewe."

"Ukiubeba, unauma mkono?"

"Unauma mkono wa anayeukoroga."

Wakili akaenda kabatini, akarudi na hanga la nguo na vikombe viwili vya plastiki vilivyolingana. Akavifunga kwa uzi, kimoja kila upande, akajaza hiki maji, kile mafuta, akalitundika hanga kwenye msumari wa mlango. Upande wa maji ukashuka.

Fundi alilitazama lile hanga kama mtu aliyesalitiwa na kakake.

"Sasa niupake ubao?"

"Usiuguse," akasema Wakili. "Huo ni ushahidi wangu."

Jumatatu, kwenye ukumbi wa maonyesho, jaji alifika mezani kwa Wakili, mwalimu mwenye miwani mnyororoni. Akalitazama jagi, akausoma ubao, akalirudia jagi. Fundi alikuwa amesimama kule nyuma.

"Ubao wako unasema mafuta yanazama, nami nayaona yanaelea. Kwa nini?"

Wakili akaanza kuinamisha kichwa, kama mwaka jana. Kumbe alikuwa anachukua hanga chini ya meza.

"Shikamoo, mwalimu. Nikuulize mimi kwanza. Uji mzito ni mzito wa kukoroga au wa kubeba?"

Mwalimu akavaa miwani. "Endelea."

Akaendelea mpaka meza za jirani zikahamia kwake.

"Na ubao huu aliandika nani?" jaji akauliza mwisho.

"Fundi mmoja mzuri sana," akasema Wakili. "Aliteleza kwenye neno 'mazito' tu. Yule pale nyuma."

Ukumbi mzima ukageuka. Fundi rangi akaangalia viatu vyake.