Mguu wa Jairus Bogonko Kwenye Kamati

Jumanne hiyo Jairus Bogonko alikuwa akiziba gambuti la mchuma chai, lililopasuka kisiginoni, Benard, soja anayelinda uwanja, alipofika kwenye kibanda chake pale Kapsoit akamwambia kwamba mguu wake unakimbia uwanjani tangu saa kumi na mbili asubuhi. Jairus alimaliza kupaka gundi kwanza, maana gundi haingoji habari. Kisha akauliza ni mguu upi. Benard akasema ni wa kushoto, na umeshazunguka mara kumi na tisa.

Swali lenyewe lilikuwa la kupitisha muda tu, kwa sababu wa kulia alikuwa nao pale kwenye kigoda. Wa kushoto ulikatwa miaka kumi na mmoja iliyopita, trela la majani ya chai lilipomkanyaga akiwa kibarua. Hospitali ilimfungia mguu kwenye shuka, ikampa akazike. Hapo ndipo taabu ilipoanza. Mama yake kule Kisii alikataa katakata: mguu hauwezi kumtangulia mwenyewe kaburini, alisema, usithubutu kuuleta. Shamba la chai nalo halikuruhusu mtu azikwe kwenye ardhi yake, hata kipande. Mwishowe mguu ulizikwa pembeni mwa kiwanja cha umma walikolishwa ng'ombe, mchungaji wa kanisa akaomba sala fupi, watu wakanywa chai wakaenda zao.

Kisha likaja lile shindano kubwa la kandanda la Afrika, na kiwanja kile kikachaguliwa timu zifanyie mazoezi. Mgeni njoo, mwenyeji apone, wakazi waliambiwa. Nyasi zililetwa kwa lori zikiwa zimekunjwa kama mikeka, jukwaa likainuka, na njia nyekundu ya wakimbiaji ikapita juu ya kaburi la mguu. Timu zilikaa siku nne, zikaondoka. Uwanja ukabaki, na kuanzia hapo ukaitwa urithi.

Jairus alijikokota kwa magongo hadi kwenye ua wa uwanja. Aliutambua mguu wake hata kabla haujakaribia, kwa kile kidole cha pili kilichopanda juu ya kidole gumba tangu utotoni. Ulikuwa ukikimbia vizuri, kwa kurukaruka, maana ulikuwa peke yake, na vijana wa mazoezi waliupisha. Sasa alielewa kwa nini tangu alfajiri unyayo asiokuwa nao ulikuwa ukimchoma. Aliona fahari na aliona uchungu, vyote kwa pamoja, kisha akarudi kazini kwa sababu mwenye gambuti alikuwa anangoja.

Jairus alikuwa mwakilishi wa watu wenye ulemavu kwenye kamati ya urithi. Wenzake kumi na wanne walimchagua kwa jambo moja tu: njia ya mteremko. Jukwaa lilikuwa na ngazi ishirini na nane na hakuna mahali pa kupitisha kiti cha magurudumu. Chemutai, aliyeuza maziwa kwenye kiti chake cha magurudumu jirani na kibanda cha Jairus, alikuwa na binti ambaye angekimbia mita elfu tano siku ya ufunguzi rasmi wa uwanja. Kutoka chini huoni kitu ila migongo ya watu. Chemutai alisema maishani mwake ameshaona migongo ya kutosha.

Ofisi ya kamati ilikuwa juu ya jukwaa hilohilo. Kikao cha kwanza Jairus alipanda kwa makalio, ngazi moja moja, akafika wakati wanaomba sala ya kufunga. Mwenyekiti alimshukuru kwa moyo wake. Kikao cha pili hakuwa amegusa hata ngazi ya kwanza, Kipkurui, katibu, alipomwita kutoka juu.

"Mzee Jairus, usijisumbue bure. Hiyo mguu yako ilishafika."

Ulikuwa umepanda ngazi zote bila kupumzika, ukapewa kiti karibu na dirisha. Kwenye kumbukumbu za kikao iliandikwa: waliohudhuria, Bw. Jairus Bogonko (mguu). Sasa mguu hauna mdomo, kwa hiyo haukupinga lolote. Kamati haikuwahi kupata mjumbe mwelewa namna ile. Waliuongeza pia kwenye kamati ndogo ya maua.

Jioni mguu ulikuja nyumbani, ukasimama mlangoni hadi ukafunguliwa. Jairus aliuosha kwenye karai na kuutoa udongo mwekundu kwenye kucha. Aliulaumu, akaubembeleza, akauuliza wameamua nini. Mguu ulisimama kwenye maji ya vuguvugu, ukatulia. Alipochoka kuuliza aliukausha, maana baridi ya huku haina huruma.

Ndipo akaona atumie kazi yake. Alishona kiatu kimoja cha ngozi, kizuri kuliko chochote alichowahi kumshonea mteja, na ndani yake akachomeka barua, pembe ikiwa nje ili kila mtu aione. Barua ilisema wanaomba njia ya mteremko kabla ya ufunguzi, na hawaombi kingine. Alifunga kamba kwa mafundo mawili. Chemutai aliutazama mguu ukiondoka na kiatu chake, akasema safari hii watasoma tu.

Lakini wiki hiyo wafadhili walikuwa wameleta zulia jipya, na wajumbe wote walivua viatu nje ya mlango. Kipkurui mwenyewe aliinama kuufungulia mguu kamba, kwa heshima kabisa. Mvua ya saa nane ikanyesha kwa upande, kama kawaida yake, ikaingia viatuni. Mguu ulirudi na barua imekuwa uji.

Kumbukumbu za kikao zilifika Ijumaa, na Jairus akamsomea Chemutai kipengele cha saba. Suala la njia ya mteremko limefungwa. Imeonekana haihitajiki, kwa kuwa mwakilishi wa watu wenye ulemavu hupanda ngazi mwenyewe bila msaada. Chemutai alimwomba arudie, akarudia. Kisha Chemutai akampimia mteja lita mbili za maziwa.

Siku ya ufunguzi walikaa nje ya ua, Chemutai kwenye kiti chake na Jairus kwenye debe. Ua ulikuwa umefunikwa kitambaa kirefu kilichoandikwa Uwanja wa Wote, hivyo hata migongo hawakuiona. Mguu ulikuwa safu ya mbele na utepe shingoni mwa kiatu. Bastola ililia. Dakika kumi na tano, kumi na sita, kisha kelele.

"Ni yeye?" Chemutai aliuliza.

Jairus alisikiliza unyayo wake. "Mguu umesimama. Unaruka."

"Kwa nani?"

"Hauwezi kusema, Mama."

Chemutai akamwambia aufunge ule mguu kwenye kitanda, umewauza. Jairus alimweleza alichoambiwa na Kipkurui: mguu usipohudhuria, nafasi ya mwakilishi inafutwa.

"Nikiufunga hatutakuwa na mtu kule."

"Kwani saa hii tuko na nani?"



Jumanne iliyofuata, asubuhi, mguu ulisimama mlangoni. Jairus aliishika kamba ya katani kwa muda, akairudisha kwenye msumari, akafungua mlango. Saa nne kamili alikuwa kibandani akishona kandambili ya mtu alipoanza kuzihisi ngazi. Alizihesabu polepole, sindano ikiingia na kutoka, hadi ishirini na nane. Baada ya hapo akahisi zulia. Lilikuwa laini kweli.