Nguo Chini ya Rangi

Alhamisi Kuu, tarehe mosi Aprili mwaka 1649, Sevilla iliamkia mvua ileile iliyolala nayo. Haikuwa mvua ya kishindo. Ilikuwa nyembamba, ya baridi, isiyochoka, na mto ulikuwa umeanza kupanda ngazi za bandari kama mtu asiye na haraka. Katika karakana ya mchoraji Baltasar Quirós, nyuma ya mtaa wa Feria, Jusepa Marmolejo alikuwa ameinamia jiwe lake, akisaga weupe wa kuchorea.

"Bado sala ngapi?" Baltasar aliuliza bila kugeuka.

"Nimo katika kumi la nne la rozari, Fundi."

"Mharakishe Bikira kidogo. Watawa wanakuja kuichukua picha kabla ya adhuhuri."

"Yeye haharakishwi. Na weupe ukisagwa mbio unatoka kama uji wenye madonge. Hapo utanilaumu mimi, si yeye."

Ndivyo alivyopima kazi tangu awe mjane. Udongo mwekundu wa mto, kumi moja la rozari. Bluu, makumi mawili ya polepole, maana ukiizidishia inapauka. Weupe wa madini ya risasi, rozari nzima, mkono ukizunguka na midomo ikizunguka nao, mpaka mafuta ya kitani yakubali kushika unga na vyote viwe kitu kimoja kinachoteleza.

Leo ulihitajika weupe kidogo tu, wa kugusia pindo la kanzu. Picha yenyewe ilikuwa imekwisha na kukauka. Ilisimama ukutani, ndefu kuliko mlango: mtakatifu wa kanzu nyeupe ameketi ukingoni mwa kitanda, anamnywesha mgonjwa maji kwa bakuli la udongo. Hapakuwa na malaika wala mbingu iliyopasuka. Kitanda tu, bakuli, mgonjwa mwenye ndevu chafu, na kanzu ile. Mikono ya mtakatifu ilikuwa ya Jusepa, vidole vifupi, kucha zilizoliwa na mafuta. Fundi aliichora akisema hana mwingine wa kumsimamia bure.

Baltasar alikuwa mzee sasa, na maisha yake yote alikuwa amechora kwa dazeni. Mabikira wake walipakiwa merikebuni kwenda Lima rangi ikiwa mbichi. Hapa mjini, hakuna aliyewahi kusimama mbele ya kazi yake zaidi ya muda wa kufanya ishara ya msalaba. Na mji wenyewe ulikuwa mji wa kumtesa mtu kama yeye. Ndio uliomzaa Velázquez, ambaye sasa alikuwa mchoraji wa mfalme huko Madrid. Makanisani mwake walining'inia watawa waliochorwa na Zurbarán, na Baltasar alikuwa amesimama mbele yao asubuhi nyingi, akijaribu kuelewa inakuwaje kitambaa cheupe kinyamaze namna ile. Na siku hizi kila nyumba ya watawa ilikuwa na jina la mchoraji kijana Murillo mdomoni.

"Velázquez alituharibu sote," alipenda kusema akinywa mvinyo. "Kabla yake mtu alichora mbingu, akalala. Yeye akachora muuza maji na mtungi wake. Tangu hapo nani anaweza kupita mbele ya mtungi kwa amani?"

Kisha Kwaresima hii, bila mtu kujua kwa nini, kitu hicho alichokitafuta kilimjia. Jusepa alilia siku alipoiona kanzu imekamilika. Alilia kidogo, akajifuta, akakimbilia jikoni dengu zisiungue.

Siku ya Pasaka picha ingetundikwa katika kanisa la hospitali ya watawa, chini kabisa, karibu na mlango, ili watu waibusu kanzu wakiingia. Watu wa Sevilla hawakutosheka kuitazama picha. Waliibusu, waliipangusa kwa leso na kwenda na leso kwa mgonjwa nyumbani, waliwainua watoto wao waiguse.

"Jusepa! Wee Jusepa! Njoo dirishani, mimi siingii!"

Alikuwa Ginesa, muuza samaki. Alisimama katikati ya njia, mvua ikimpiga, kitambaa cha siki ya kufukuzia maradhi kimebanwa puani.

"Umeogopa nini leo, mwenzangu?" Jusepa alimwitikia. "Wewe unayenuka sardini tangu ubatizo, unaziba pua mlangoni kwangu?"

"Usinicheke. Ni Marcela wako."

Jusepa aliliacha jiwe. Marcela alikuwa binti wa marehemu dada yake, mshonaji, jirani wa Ginesa ukuta kwa ukuta.

"Kafanyaje?"

"Homa, tangu juzi. Tukasema ni hii mvua. Jana kachanganyikiwa, anamwita mama yake. Leo alfajiri mumewe kamwinua mkono amvalishe shati..." Ginesa aligusa kwapa lake mwenyewe, kisha akaufuta mkono upesi kwenye aproni. "Kubwa kama yai, Jusepa. Jeusi."

Maji ya mvua yalitiririka kati yao, yakipeleka majani ya kabeji kuelekea mtoni.

"Watu wanaulizana, mbona yeye?" Ginesa aliendelea. "Hajavuka mto. Ugonjwa uko Triana, na daraja limefungwa. Umemfikiaje?"

Jusepa aligeuka kuitazama picha. Alijua ulivyomfikia.

Mwanzoni mwa Kwaresima, kabla daraja la mashua halijafungwa, Fundi alimtuma Triana. Wachoraji wa Sevilla walipenda kuchora juu ya nguo za mezani, zile za kitani pana zenye maua madogo yaliyofumwa ndani, kwa kuwa zinashika vizuri udongo unaotangulia rangi. Mpya hazikushikika bei. Lakini kule ng'ambo alikuwako mjane wa nahodha aliyekuwa akiuza vitu vya marehemu.

"Mumeo alikufa kwa nini?" Jusepa alimwuliza.

"Homa," mwanamke yule akasema, akitazama sakafu. Sakafu ilikuwa imemwagiwa siki.

Nguo zilikuwa mbili, nyeupe, hazina hata doa la mchuzi. Jusepa aliiona siki ile. Akaiona, akaamua ni usafi wa mwenye nyumba. Alizibeba kifuani chini ya shali kama mtoto mchanga, akimshukuru Mungu daraja zima. Jioni hiyohiyo Marcela aliziunga kwa mshono mmoja wa katikati, akikata uzi kwa meno.

Sasa Jusepa alikwenda nyuma ya picha. Huko hakukuwa na mtakatifu. Kulikuwa na kitani tupu, maua yake madogo, na mshono wa Marcela ukishuka wima, mzuri, sawasawa, kutoka juu hadi chini.

"Fundi," alisema. "Marcela ana tauni."

Burashi ilisimama hewani. "Mungu amrehemu." Kisha, upesi mno: "Usimwambie mtu."

Kwa hiyo naye alikuwa ameelewa.

"Ni zile nguo, Fundi."

"Zilikuwa nguo! Sikiliza. Tulizipaka gundi ya moto. Tukazipaka udongo, mara mbili. Mafuta, rangi, risasi. Kitu gani kitaishi humo? Hata kunguni hawezi."

"Nyuma hatukupaka udongo."

"Nyuma itatazama ukuta."

"Na watakaoibeba? Na huyo atakayeitundika?" Sauti yake ilikuwa ndogo. "Labda wewe ndiye uliye sahihi. Mimi sijui. Lakini akina mama watawainua watoto wao, Fundi."

Baltasar aliweka burashi chini kwa uangalifu, kama kitu cha kioo. "Unajua watakachofanya. Wataichoma uani. Watapigilia mbao mlangoni, nasi tukiwa ndani. Nimechora tangu sijaota ndevu, Jusepa, na sijachora kitu. Hiki ndicho kitu. Umekiona. Ulilia hapo ulipo, usidhani sikukuona. Hata wale wakubwa wangesimama mbele yake. Niachie kimoja. Kimoja tu."

Jusepa alirudi kwenye jiwe kwa sababu hakujua mahali pengine pa kwenda. Mkono ukaanza kuzunguka, midomo ikafuata, mpaka akafika *utuombee sisi wakosefu, sasa na saa ya kufa kwetu*, na hapo maneno yakakataa kusogea. Alikuwa ameyasema miaka yote akisaga. Hakuwahi kuyasikia.

Nje, kengele zilikuwa zimenyamazishwa kama ada ya siku hiyo. Badala yake viligongwa vibao vya mbao mnarani, ka-ka-ka, sauti kavu kama mifupa ndani ya gunia.

Padri Anselmo wa hospitali aliingia na wachukuzi wawili, pindo la kanzu yake nyeupe limelowa tope. Mchukuzi mrefu aliitazama picha juu hadi chini.

"Bi mkubwa, huyu mtakatifu kala nini? Mzito hata kwa macho."

"Kamla aliyemchora," mwenzake akasema. "Huoni mzee alivyokonda?"

Padri hakucheka. Alikuwa amesahau hata kusalimia. Alisimama mbele ya kitanda kile, bakuli lile, muda mrefu kuliko wa kufanya ishara ya msalaba. Baltasar alimtazama anavyotazama. Uso wa mzee ulikuwa wa mtu aliyesubiri mlangoni maisha yake yote na sasa anasikia kitasa kikigeuka.

"Basi inawezekana," Padri alisema taratibu. "Bila malaika hata mmoja." Akasogea. Akavua kofia, akainama kuibusu kanzu.

"Padri, usiibusu!"

Jusepa mwenyewe alishtuka kwa ukubwa wa sauti yake. Mikono yake ilikuwa imejaa weupe hadi viwiko.

"Nguo yake imetoka Triana. Nyumba ya marehemu. Niliinunua mimi."

"Amechanganyikiwa," Baltasar alisema haraka. "Mpwa wake anaumwa, Padri, hajalala huyu..."

"Anaumwa nini?"



"Tauni!" Ginesa alipaza sauti kutoka njiani. "Nimeliona jipu kwa macho yangu haya!"

Wachukuzi walikuwa tayari wamefika mlangoni. Yule mrefu alijifanyia ishara ya msalaba mara mbili, na mzaha ulikuwa umemtoka usoni kama maji.

Padri Anselmo alisimama wima pole pole. Alikuwa mtu aliyekwisha kuzika wengi mwezi huo. "Amri iko wazi," alisema. "Nguo ya Triana ni ya moto. Nyumba iliyoipokea hufungwa."

"Hii si nguo," Baltasar akasema. "Ni picha."

"Ningependa kuwa na hakika hiyo." Padri alirudi hatua kadhaa nyuma. "Nani aliigusa nguo kabla haijapakwa chochote?"

"Mimi," Jusepa alisema. "Na Marcela."

"Nani mwingine?"

Mlango ulikuwa wazi. Nyumbu wa safari ya Baltasar alikwisha kukodiwa. Kule Carmona binti yake Baltasar aliyeolewa alikuwa akimsubiri kwa Pasaka, na wajukuu. Kila mtu alimwona anavyoitazama njia. Kisha alimgeukia mtakatifu wake.

"Mimi," alisema. "Niliilaza shavuni, nione ulaini wake."

Akapangusa paji la uso kwa mkono wa shati. Asubuhi ilikuwa ya baridi, na uso wake ulikuwa umelowa jasho. Jusepa aliona. Aliona pia kwamba Padri ameona.

"Nikiwaita walinzi wa afya sasa hivi," Padri alisema, sauti yake imeshuka, "wataichoma kabla ya jioni. Naweza kuwaambia tu kwamba nyumba imefungwa, na kilichomo kimefungwa pamoja nayo. Nikikosea, Mungu atanidai mimi. Lakini ugonjwa ukionekana humu ndani, isibaki. Picha kama hii haikosi wapenzi, watu watakuja kuichukua hata juu ya maiti. Atakayeichoma lazima awe ndani, na aniahidi sasa, watu wakisikia." Akamtazama mwenye kazi. "Fundi?"

Baltasar aliitazama kanzu.

"Siwezi," alisema. "Niulize kitu kingine, Padri. Chochote."

Vibao viligongwa tena mnarani. Jusepa alijifuta mikono kwenye aproni, lakini weupe wa risasi hautoki kwa kitambaa, akaacha. Alikwenda akasimama kizingitini, pasipo kuvuka, ili asikike mpaka ng'ambo ya njia, ambako madirisha yalikuwa yameanza kufunguka moja moja.

"Mimi ni Jusepa Marmolejo, mjane, msaga rangi wa nyumba hii," alisema. "Mbele ya Bwana aliyewaosha wenzake miguu siku kama ya leo, na mbele yako Padri, na wewe Ginesa, na nyinyi mlio madirishani. Nguo hii niliileta mimi. Haitatoka mlango huu mpaka Pentekoste, na hakuna mdomo utakaoigusa. Ikionekana alama mwilini mwangu, au mwilini mwa Fundi, sitangoja kuambiwa. Nitaiwashia moto mwenyewe, nianze na kanzu."