Amri za Fundi Okullo

Nesi Nabalayo alikuwa na cheti. Si kile cha unesi, hicho kila nesi anacho. Hiki alikipata Bugolobi kwenye semina ya siku mbili, chakula cha mchana kikiwemo, kuhusu namna ya kuwahudumia watu walioumizwa na maisha bila kuwaumiza tena. Alikitundika kwenye chumba cha kufungia vidonda, pale zahanati ya Kyebando, akawa anakitazama kama mtu anavyotazama picha ya harusi yake.

Halafu akaja Mzee Okullo, na cheti kikaanza kumcheka.

Okullo alikuwa fundi wa nguo, mrefu, mwembamba, mtu wa Lango, huko kaskazini. Mguu wake wa kulia ulikuwa umekanyaga cherehani miaka thelathini, na sasa kidole gumba cha mguu huohuo kilikuwa na kidonda cha kisukari. Daktari hakuzunguka mbuyu: kidonda kisafishwe kila baada ya siku moja, la sivyo kidole kitakatwa, na kisu kikishaonja kidole huanza kuutamani mguu. Sasa fundi bila mguu atakanyaga nini?

Hata hivyo alikuja mara mbili, akakimbia mara mbili. Mara ya kwanza Nabalayo alimkaribisha kwa Kiswahili chake cha Bungoma, kwa ile sauti yake inayofika sokoni bila nauli: "Karibu mzee! Vua viatu! Panda kitandani! Lala!" Mzee akageuka akatoka. Mara ya pili alivua kiatu kimoja, akalala, kisha akaruka kama aliyekalia siafu, akaondoka anachechemea, kiatu mkononi.

"Mzee mzima anaogopa spiriti!" Nabalayo alimlalamikia Rukiah.

Rukiah, Mnubi wa watu, ndiye aliyeandikisha wagonjwa mlangoni, na ulimi wake haukuwahi kwenda likizo.

"Haogopi spiriti. Anakuogopa wewe."

"Mimi? Na cheti changu?"

"Keti hapo kitandani, Mkenya. Tazama ukuta."

Nabalayo akaketi, mgongo kwa mlango, kama wagonjwa wote walivyoketi. Rukiah akatoka, kisha akarudi kwa kishindo nyuma yake. "Wewe! Vua viatu! Lala! Usisogee!"

Nabalayo akacheka. Kicheko kikamkwama njiani alipoona kwamba kiatu kimoja ameshakivua.

"Babu zangu walikuwa askari, haya nayajua," Rukiah akasema, sasa kwa sauti ya chini. "Kwenu Kiswahili ni cha soko na kanisa. Hapa, upande huu wa mpaka, watu wa umri wake walikisikia kwa wanajeshi kwenye vizuizi vya barabarani, bunduki ikifanya kazi ya mkalimani. Vua viatu, lala chini. Si wote walioinuka."

"Basi nimuulize yaliyompata?"

"Ili iweje? Umeitiwa kidonda kimoja, unataka kufungua cha pili?"

Rukiah mwenyewe ndiye aliyempigia mzee simu: njoo, hulali, huvui kitu mpaka upende. Okullo alipofika Jumamosi alikuta kitanda kimesukumwa pembeni, kiti kinatazama mlango ulio wazi, na nesi amejikunja kwenye kigoda, magoti karibu na masikio.

"Mzee, leo mimi sina amri hata moja," Nabalayo akasema polepole. "Zote unazo wewe. Ukisema simama, nasimama. Ukisema toka, natoka na glavu zangu."

"Amri ya Kiswahili?"

"Yoyote."

"Swahili mimi najua," mzee akasema. "Mimi nasoma kwa barabara. Mwalimu ilikuwa mkali."

Akaketi. Akautazama mlango. Baada ya muda akavua kiatu mwenyewe.

"Naomba kushika kisigino."

"Shika."

"Sasa maji ya chumvi, yana uvuguvugu. Yatawasha kidogo."

"Leta."

Pamba ilipokaribia kidole: "SIMAMA!"

Nabalayo akaganda, mkono hewani, maji yakimdondokea gotini. Mzee akamkazia macho, akangoja aone kama atasogea. Hakusogea.

"Endelea."

Pamba ikagusa. "Simama!" Akasimama. "Rudi nyuma!" Akarudi na kigoda chake, kikikwaruza sakafu. Mara ya nne aliona masharubu ya mzee yanachezacheza.

"Mzee, kwa mwendo huu kidonda kitapona kabla sijakifikia."

"Kimya, kuruta!"

Mlangoni Rukiah akapasuka kwa kicheko, na mzee naye akafuata, akacheka mpaka mguu ukatikisika. Humohumo kwenye kicheko, kidonda kikaoshwa.

Kuruta alitumikia jeshi hilo wiki sita. Siku ya mwisho mzee alikuja amevaa viatu vyote viwili, hachechemei, tepu ya kupimia shingoni.

"Musawo, nesi wangu, simama hapo. Mikono juu!"

Nabalayo akainua mikono. Okullo akaitazama ile mikono, na uso wake ukabadilika. Akakohoa.

"Hapana. Shusha." Akaanza upya, safari hii taratibu. "Mimi nataka kushonea wewe gauni. Naomba kupima. Mabega kwanza, halafu kiuno. Lakini geuka, uone mlango. Ukichoka, sema simama."

Nabalayo akageuka akautazama mlango, macho yamemlowa. "Pima, mzee."

Mabega yakapimwa. Tepu ikashuka kiunoni, ikazunguka, ikaenda, ikaendelea kwenda.

"Simama!" Nabalayo akapaza sauti, akavuta tumbo ndani.

Fundi akaganda palepale, tepu hewani, akangoja kwa adabu zote.

"Mngojee tu, mzee," Rukiah akasema mlangoni. "Pumzi yenyewe haina akiba."