Mkono Mlangoni

Wageni walianza kusimama mbele ya nyumba ya Bi Hindu baada ya Idi. Hawakuwa kama watalii aliowazoea pale mtaani Mkomani, wanaopita kwa kundi huku kiongozi wao akipaza sauti. Hawa walikuja mmoja mmoja, vidude vyeupe masikioni, kimya. Walitazama simu, wakatazama mlango wake, wakarudi kwenye simu. Siku moja mwanamume wa makamo alitabasamu kabla ya kwenda zake. Bi Hindu alikuwa akichungulia kutoka dirisha la juu, na lile tabasamu lilimkaa moyoni kama mwiba.

Kwanza alidhani wanaitaka nyumba. Ya upande wa kulia ilikuwa imeuzwa, na ile inayoelekeana nayo pia, na yeye ni mjane mwenye watoto Mombasa. Akaanza kulifunga komeo hata mchana.

Jirani yake, Bi Nana, ndiye aliyemweleza. Kijana Amjad na wenzake wametengeneza matembezi ya historia: mtu anaelekeza simu kwenye kibandiko ukutani, inatokea picha ya zamani ya mahali pale, na sauti inamsimulia.

"Na hapa kwako," Bi Nana akasema, "nasikia wageni waonyeshwa mama yako."

Bi Hindu alimuuliza kama ameiona kwa macho yake. Bi Nana alisema hapana, ameambiwa na mkwewe.

Hilo lilimwondolea usingizi. Mama yake, marehemu Bi Barka, hakuvuka kizingiti bila buibui maisha yake yote. Picha yake ilikuwa moja tu, aliyopigwa na kaka yake humo ndani siku ya harusi ya Hindu, kichwa wazi, anacheka. Leo watu wasiojulikana wanasimama njiani wakiutazama uso ule.

Alimshuku Amjad. Mwaka uliopita kijana huyo alikuja kuomba picha za kale, akanyimwa kwa adabu, lakini aliachwa sebuleni peke yake kahawa ikipikwa. Bi Hindu alilifungua kasha, akapekua kanga na hati mpaka chini. Picha ilikuwepo, imefungwa kwenye leso vilevile alivyoiacha.

Nafuu yake haikudumu. Nakala ya pili alikuwa nayo mtu mmoja tu, mdogo wake Kadija, aliyeolewa Siyu, kwenye kisiwa kingine.

Mama alipofariki, Kadija alifika maiti imekwisha kuzikwa. Bi Hindu alimwambia mbele ya watu wa tangani kwamba aliyeshindwa kumuuguza mama asije kumlilia. Tangu hapo hawakuzungumza. Halafu, wiki chache kabla ya Idi, jina la Kadija lilianza kutokea kwenye simu, mara kwa mara, na Bi Hindu aliiacha ilie mpaka ikate. Sasa alijiona ameelewa. Amemuuza mama, na moyo unamsuta.

Alikaa na jambo hilo mpaka akawa hataki chakula. Mwishowe alivaa buibui, akashuka, akaketi nje kwenye baraza ya mlango wake. Alipofika msichana mwenye vile vidude, alimshika mkono wa nguo. Msichana aliitwa Ruba, mwalimu kutoka Malindi, naye alishtuka.

"Nionyeshe wanachokuonyesha," Bi Hindu alisema. "Huu ni mlango wangu."

Ruba akampa simu. Bi Hindu alijikaza kabla ya kutazama.

Mama hakuwemo. Ilikuwa picha ya rangi moja ya njia ileile, wanaume wawili wameketi barazani, mlango nyuma yao umefunguliwa kidogo. Kwenye ule upenyo palikuwa na vidole vinne vilivyoshika ubao. Hakuna uso.

Ruba alimvisha kile kidude sikioni, na Bi Hindu akasikia sauti ya mdogo wake.

"Mpiga picha alidhani amewapata wanaume tu," Kadija alikuwa akisema. "Yule nyuma ya mlango ni mama yetu. Alikataa kupigwa, na mimi nilikuwa miguuni pake nikimvuta nguo. Msimtafute zaidi ya hapo. Alizeeka humu, akauguzwa humu na dada yangu peke yake, mimi nikiwa mbali na nikijua hali yake. Mtoleeni salamu, muende."

Ndipo Bi Hindu alipomfahamu yule mwanamume wa tabasamu: alikuwa akimtolea mama salamu. Alimrudishia Ruba vitu vyake, akamshukuru, akaingia ndani.

Jioni alimwita Amjad. Kijana alieleza kwamba picha ameipata kwenye hifadhi ya nyaraka, na kwamba Bi Kadija aliahidi kuomba yeye mwenyewe idhini ya dada yake. Bi Hindu alimwambia kwamba ahadi ya mtu wa Siyu haibishi hodi Mkomani, na safari nyingine abishe hodi yeye mwenyewe. Amjad aliomba radhi, akauliza kama akibandue kile kibandiko. Bi Hindu alisema atamjibu.

Kisha akapiga simu.

"Ulinisema kwa watu bila kunambia," alianza, hata salamu hakutoa.

"Nalikupigia," Kadija akajibu. "Nalikupigia mpaka nikaona haya."

Bi Hindu alisikia kuku wa Siyu wakilia upande wa pili. Kisha aliuliza ile picha ya mama iko wapi. Kadija alisema iko ndani ya msahafu wake, na hakuna aliyeiona ila mumewe.

"Njoo nayo," Bi Hindu akasema. "Nataka kuiona."

"Huniamini bado."

"Bado. Lakini njoo."

Kadija alifika Alhamisi. Picha alikuwa nayo, na Bi Hindu aliikagua mbele na nyuma kabla ya kumkaribisha kukaa.