Gomesi ya Farao

Jumapili hiyo nilikuwa Farao katika mchezo wa kanisa letu hapa Malaba, na niliogopa kusahau maneno. Shule niliacha darasa la tano. Mke wangu Roselida alinifundisha maneno hayo kwa mdomo wiki tatu.

Baada ya ibada, kabla ya mchezo kuanza, tulienda sokoni na rafiki yetu Egesa kutafuta joho. Nikaona nguo ya zambarau inayong'aa, mabega yamesimama, mshipi mpana. Nikainunua kabla hawajanifikia.

"Mzee, hiyo ni gomesi!" Roselida alisema.

Gomesi, magauni ya sherehe ya akina mama wa huku, nimeziona maisha yangu yote, lakini hii ilikuwa imetundikwa bila mama ndani.

"Farao anaolewa leo," Egesa akacheka.

Muda wa kutafuta nyingine haukuwepo. Nilipotokea mbele, kanisa zima liliangua kicheko, na maneno yote yakanitoka. Egesa, ambaye alikuwa Musa, akagonga fimbo chini. "Farao, waachilie watu wetu!" Naye alikuwa anacheka. Nikakasirika kweli.

"Hawatoki!" nikanguruma.

Kanisa likanyamaza. Maneno yaliyobaki yakaja yenyewe, yote.

Jioni mchungaji aliniuliza kama mwakani nitakuwa Goliati.

"Nitakuwa," nilimwambia. "Lakini nguo atanunua Roselida."