Madodoso ya Kisimani

Chuo chenyewe si kikubwa, tusidanganyane. Jengo moja la ghorofa mbili pale Tabata, na mtu akipiga chafya maktaba, mlinzi wa getini anaisikia. Mahali kama hapo siri haikai. Unakaa umbeya, na umbeya wa mwaka ule ulikuwa mmoja tu: nani anapika data?

Kupika data, kwa asiyejua, ni mwanafunzi wa mwaka wa mwisho kujifungia chumbani na kalamu yake, akayajaza madodoso yote mwenyewe, na watu anaosema kawahoji hajapata kuwaona hata ndotoni. Mwaka uliotangulia walinaswa wanne, wakarudishwa makwao na aibu yao. Ndiyo maana msimamizi, Dokta Asifiwe, mwanamama wa Mbeya asiyechekacheka ovyo, aliwaambia mapema: "Utafiti mnafanya wawili wawili. Mmoja akipika, wote mmekula. Na wote mtatapika."

Mwamvita, binti wa Temeke, akapangwa na Ansbert, kijana mrefu mpole kutoka Bukoba. Mada yao ilikuwa maji ya majumbani na maradhi ya tumbo kwa watoto. Mwamvita achukue Tabata, Ansbert achukue Manzese, kila mtu madodoso arobaini.

Jamani, Mwamvita alihangaika! Wiki tatu nzima juani. Huku wanamwambia, "Kila mwaka mnatuandika, mabomba hatuyaoni." Kule wanamfungia mlango huku redio inaimba ndani. Swali la choo ndilo halikujibika kabisa. Ukiliuliza tu, mtu anakumbuka ana chungu jikoni. Alipomaliza, makaratasi yake yalikuwa na mapengo kama kinywa cha mtoto wa miaka sita.

Ansbert ya kwake aliyaleta siku nne tu tangu waanze. Yote arobaini, hakuna pengo hata moja.

"Umewafanyaje?" Mwamvita akauliza.

"Nimewaomba tu," Ansbert akacheka. "Wamama wa kule ni watu wazuri sana."

"Twende wote siku moja, na mie niwaone hao wazuri."

Kicheko kikamwisha. "Hapana, Mwamvita. Acha. Watashtuka."

Hapo ndipo shaka ilipomwingia, na shaka ni kama chawa: ukishamhisi mmoja, mwili mzima unawasha. Usiku akayapitia yale madodoso. Chanzo cha maji: kisima, kisima, kisima. Choo kiko hatua ngapi kutoka kisimani? Saba. Saba. Nane. Saba. Akamwonyesha Noela, rafiki yake wa chumba kimoja, na Noela akapiga kofi.

"Shoga, umekwisha! Mie juzi nimemwona yule braza wako kwa steshenari wa pale kona." Steshenari huyo, mwenye duka la kutoa nakala, ndiye aliyesemwa chuo kizima kuwa anawasaidia watu kupika. "Lisemwalo lipo. Kikulacho ki nguoni mwako."

Mwamvita hakupata usingizi. Mama yake alikwisha kumshonea nguo ya mahafali, na majirani wa Temeke walikwisha kuambiwa tarehe. Leo aambulie aibu kwa sababu ya mvivu mmoja? Tena iliuma zaidi kwa kuwa ni Ansbert. Alipougua malaria mwaka wa pili, Ansbert ndiye aliyemnakilia somo zima la takwimu kwa mkono, akamletea na machungwa.

Jumamosi asubuhi akayatia madodoso yale kwenye mkoba, akaenda Manzese. Juu ya kila moja Ansbert aliandika "karibu na kisima", kwa hiyo akakiulizia kisima, vichochoro vikampeleka mpaka kwenye nyumba ya vyumba vingi, ukuta wake umekula chumvi. Uani wapangaji kadhaa walikuwa wakifua. Kwenye kigoda alikaa mwenye nyumba, mama mtu mzima waliyemwita Bi Hija.

"Shikamoo, Bi Hija."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Jua hili kali, kunywa maji kwanza."

Akachotewa kikombe. Mwamvita akakitazama kikombe, akakitazama kisima, akautazama mlango wa choo, akahesabu kwa macho. Hatua saba. "Ahsante," akasema, "nimekunywa nyumbani."

Bi Hija akakipokea kikombe, akayanywa mwenyewe taratibu, macho hayambanduki mgeni.

Hatua saba, ndiyo. Lakini mwenye shaka haambiliki. Mwamvita akajisemea: kumbe alifika mara moja, akaona kisima, akaenda kupikia chumbani. Akatoa madodoso mkobani, akafungua picha ya Ansbert kwenye simu, akawazungushia.

"Mnamjua kijana huyu? Alikuja hapa kuwauliza habari za maji?"

Mwanamke mmoja mwenye povu mpaka viwikoni akamtazama Bi Hija kwanza, ndipo akatikisa kichwa. Wa pili hivyohivyo. Wa tatu hakuinua uso.

"Hatumjui," akasema Bi Hija. "Hajapata kukanyaga hapa."

"Hata mara moja?"

"Hata kwa dawa. Kwani kafanya nini?"

Nakuuliza wewe: mtu usiyemjua, unamuulizia kafanya nini? Lakini Mwamvita alikwisha kupata alichokifuata, na aliyekwisha kupata hasikilizi tena. Akaaga, akaondoka na hasira zake, na chini ya hasira, tusimfiche, na raha kidogo ya kuwa alijua tangu mwanzo.

Jumatatu barua ikawa mezani kwa Dokta Asifiwe. Jumatano Ansbert akaitwa mbele ya kamati, na Mwamvita akakalishwa pembeni kama shahidi.

"Fomu za ridhaa ziko wapi?" Ansbert akaulizwa.

"Wanazo wenyewe. Waliogopa kutia dole gumba, nikatia sahihi mie, wakabaki nazo."

Mjumbe mmoja wa kamati akaguna.

"Basi tupeleke tukawaulize," akasema Dokta Asifiwe.

Ansbert akaitazama mikono yake. "Niliwaahidi kwamba hatakuja mtu. Nipeni nafasi nikawaombe ruhusa kwanza."

"Ukawafundishe cha kusema?" Dokta Asifiwe akafunga jalada. "Hukanyagi Manzese mpaka tumalize. Mwenzako kaenda, hakuna anayekujua. Matokeo yako yanazuiliwa, na Ijumaa kamati inaamua kama unafukuzwa. Mwamvita, wewe utarudia Manzese mwenyewe."

Walipotoka Mwamvita alingoja atukanwe. Alikwisha kujiandalia na majibu. Ansbert akamuuliza kitu kimoja tu: "Ulipokwenda, uliwaonyesha makaratasi?"

"Ndiyo. Kwani?"

"Basi," akasema, akashuka ngazi.

Alhamisi Mwamvita akarudi kwenye kisima kilekile. Bi Hija alikuwa kwenye kigoda chake. "Umerudi, mwanangu," akasema, sauti haina baridi wala joto. Mwamvita akaeleza kwamba safari hii amekuja kuuliza maswali yake mwenyewe, akatoa fomu ya ridhaa, akaanza kusoma kwa sauti kama walivyofundishwa.

"Utafiti huu ni kwa ajili ya masomo tu. Majibu yako ni siri, na jina lako..."

"...na jina lako halitaandikwa mahali popote," akaendelea Bi Hija, anachambua mchele, hatazami karatasi. "Una haki ya kukataa swali lolote. Una haki ya kuacha wakati wowote, na hutaulizwa sababu."

Mwamvita akaishusha karatasi. "Bi Hija, umeisoma wapi hii?"

"Mie kusoma sijui. Niliisikia. Mara arobaini niliisikia, hapahapa kisimani, yule mtoto akimsomea kila mwanamke peke yake, hata aliyekwisha kuisikia kwa jirani. Tukamwambia, mwanangu, tumeshaelewa. Akasema hapana, kila mtu na haki yake." Akafungua pindo la khanga, pale wanawake wanapofunga akiba, akatoa karatasi iliyokunjwa mpaka ikawa ndogo kama hirizi. Chini yake ilikuwa sahihi ya Ansbert. "Alikwenda kutoa nakala dukani ili kila mmoja awe na yake."

Steshenari wa kona!

"Sasa mbona... mbona nilipokuja mlisema hamumjui?"

"Siri ni ya watu wangapi, mwanangu?" Bi Hija akaweka ungo chini. "Wakati wa kipindupindu watu wa afya walitaka kukifunga kisima hiki. Tuliwalilia. Kikifungwa, nyumba hizi zote zitakunywa nini? Tangu siku hiyo hatumwambii mgeni habari ya choo wala ya mtoto kuharisha. Yule alikaa, akanywa maji yetu, akasema hata ikiwaje hatatutaja. Na sie tukamwambia, basi hata wewe hatutakutaja. Mara unakuja wewe. Maji hunywi. Makaratasi yetu ya siri yako mkononi mwako, na picha yake unaitembeza kama ya mwizi. Tukajua mtoto wa watu amekamatwa. Tukamkana ili tumwokoe."

"Naye yuko wapi?" akauliza Bi Hija. "Mzima?"

"Matokeo yake yamezuiliwa. Kesho wanaweza kumfukuza. Wanasema hajapata kufika hapa."

"Ah! Na yeye hakuwaambia waje watuulize?"

"Alisema mpaka awaombe ruhusa nyie kwanza."

Yule mwanamke aliyekuwa na povu siku ile akaacha kamba ya ndoo, akaanza kulia palepale, hajifichi. Bi Hija akamkazia macho Mwamvita.

"Nani kamsemea?"

Jibu rahisi lilikuwapo. Angesema chuo. Angesema kamati, au steshenari, na nani angemjua? Mwamvita akamtazama yule mama aliyeitunza karatasi asiyoweza kuisoma, na machozi yakamtoka kabla ya neno.

"Mie," akasema. "Mie ndiye niliyemsemea."

Bi Hija akasimama, akajifunga khanga yake sawasawa, akaita vyumba vyote: "Jamani, tokeni! Kila mtu na karatasi yake. Tunakwenda chuoni."

"Na kisima, Bi Hija?" mmoja akauliza mlangoni. "Wakija kukifunga?"

"Wakifunga tutachimba kingine. Mtoto wa mwenzenu mtamchimba wapi?"

Wakatoka mmoja mmoja, wanafungua pindo za khanga, wanatoa karatasi kwenye makabati na chini ya magodoro. Bi Hija akamgeukia Mwamvita.

"Wewe tangulia, utuonyeshe njia. Na ukifika uanze kusema wewe, sie tutafuatia."

Mwamvita akatangulia. Nyuma yake kandambili za wanawake zilimfuata mpaka barabarani, na njia nzima hapakuwa na aliyemwita tena mwanangu.