Kemshafti ya Injinia Landívar

Wenceslao Quisbert alirudi kutoka Santa Cruz na kisanduku cha mbao mapajani, akakishusha juu ya meza ya karakana taratibu kama mtu aliyebeba mayai. Ndani yake, juu ya kitambaa cha bluu, ililala kemshafti mpya. Watu wa kule bondeni wanajua kuuza. Chuma cha kuzungukia ndani ya mafuta machafu walikuwa wamekilaza kwenye kitambaa cha kushonea gauni la ubatizo.

"Hii," akasema Wenceslao, "ameichonga Injinia Landívar kwa mkono wake. Na ina karatasi."

Dada yake, Basilia, alifuta mikono kwenye sketi yake ya marinda, akakitoa chuma kwenye kitambaa na kukizungusha mbele ya dirisha. Alikizungusha mara moja tu, ikamtosha.

"Karatasi ndiyo itakayopanda mlima?" akauliza.

"Hayo mambo ya kitaalamu, dada. Wewe kazi yako kuifunga."

Karakana ya Quisbert iko El Alto, na marehemu baba yao aliwaachia wote wawili. Kwa miaka kumi na tisa, hata hivyo, aliyeitwa Fundi alikuwa Wenceslao peke yake. Yeye ndiye dereva wa mbio za kupanda mlima, na kufungua injini aliacha zamani, siku alipogundua kwamba mikono safi inapendeza zaidi kwenye picha. Aliyechonga, aliyepima na aliyechagua nini kiingie wapi alikuwa Basilia. Wateja walimkuta amejaa grisi mpaka viwikoni, wakamuuliza, "Mama, Fundi yupo?" Naye akawajibu, "Katoka," maana angewajibu nini kingine? Kitu alichokitaka Basilia duniani kilikuwa kimoja, wala hakikuwa kikubwa: aitwe Fundi mbele za watu, na neno hilo litoke kinywani mwa Wenceslao. Likitoka kwa mwingine yeyote, kwake lisingehesabika.

Sasa kaka huyohuyo alikuwa amesafiri siku nzima kwenda kumtafuta fundi bondeni.

Basilia akajaribu kumweleza. Kemshafti ndiyo inayoamua valvu za injini zifunguke lini na zifungwe lini. Nundu zake, yale matuta yanayosukuma valvu, zikiwa ndefu na pana, valvu hukaa wazi muda mrefu, na kule chini kwenye hewa nzito, gari likienda mbio, injini hushiba vizuri. El Alto iko juu mita elfu nne, na hewa ya huku ni ya kubahatisha. Valvu ikichelewa kujifunga, pistoni inapopanda huitema nje hata ile kidogo iliyokwisha kuingia. Injinia Landívar angelijuaje hilo? Alikipima chuma chake amevaa kaptula, feni ikimpulizia usoni.

"Mlima una kona kali ishirini na tatu," akasema Basilia. "Nimeziandika zote. Ukitoka kwenye kona, mshale wa mizunguko ya injini unasoma elfu tatu, labda elfu tatu na mia tano. Chuma hiki kinaamka kwenye elfu tano na nusu. Hapo katikati utafanyaje? Utashuka usukume?"

"Landívar ameshinda mbio kumi na moja."

"Wapi?"

"Santa Cruz."

"Santa Cruz mjini kuna mlima?"

Wenceslao akaikunjua ile karatasi. "Dada, wewe una mkono mzuri, sikatai. Lakini yule mtu amesoma."

Lile "sikatai" ndilo lililomchoma. Siku ya Jumanne akaifunga kemshafti ya Landívar kwenye ile Toyota nyekundu, sawasawa kama karatasi ilivyotaka.

Ilipowashwa, mtaa mzima ulitoka nje. Injini ilisimama pale ikigugumia, gari zima likitetemeka, vioo vikigonga. Muuza uji wa mahindi mekundu aliacha sufuria lake jikoni akaja kusikiliza.

"Sikieni inavyokoroma!" akasema. "Hilo siyo gari tena, hilo duma!"

Wenceslao akafumba macho kwa raha. Watu wa huku wana ugonjwa huo: gari likikohoa limesimama, wanaamini likiondoka litapaa. Dakika ishirini baadaye lile duma lilikuwa kwenye kona ya kwanza ya kupandia mlima, limekata pumzi, na lori la matofali likalipita likipiga honi.

"Bado haijazoea," Wenceslao akasema aliporudi.

"Nini haijazoea?"

"Kemshafti. Hali ya hewa."

Basilia alicheka mpaka machozi yakamtoka. Chuma kizoee hali ya hewa, kama mtalii! Wenceslao alinuna mpaka kesho yake jioni.

Alhamisi asubuhi Wenceslao alikwenda kwa kinyozi, kisha redioni kuhojiwa kuhusu mbio za Jumapili. Mtu akihojiwa redioni kuhusu injini asiyoijua, mahojiano huwa marefu. Basilia akafungua mfuniko wa valvu, akaitoa kemshafti ya Landívar na kuirudisha kwenye kitambaa chake cha bluu. Mahali pake akaweka yake, aliyoichonga kwenye jiwe la kusagia chuma la baba yao na kuirekebisha mara tatu: nundu fupi, nyembamba, valvu inafungwa mapema na kukibana kila kidogo kilichoingia. Ukiitazama haina fahari yoyote. Lakini kwenye elfu tatu inavuta, na haiachii.

Tatizo lilikuwa moja: injini ilinguruma kwa adabu. Wenceslao hupima injini kwa masikio, na adabu ile angeigundua kabla hajafika mlangoni. Kwa hiyo Basilia akachukua bisibisi, akaifungua skrubu ndogo ya kabureta, ile inayolisha injini gari likiwa limesimama tu, mpaka ikaanza kugugumia na kutikisika vibaya. Ukikanyaga mafuta, upuuzi wote unakwisha.

Wenceslao akarudi ananukia poda ya kinyozi. Akasimama, akasikiliza.

"Unaona?" akasema. "Imeanza kuzoea."

Kumdanganya ndugu ni vibaya. Basilia alilijua hilo, na usiku ule alilala fofofo.

Fomu za klabu ya mbio alizijaza yeye siku zote, na safari hii akaandika ukweli mtupu: urefu wa nundu, milimita tisa nukta nne, mchongaji, B. Quisbert, El Alto. Wenceslao aliitia sahihi akiwa kwenye simu, anamwambia Landívar jinsi duma linavyokoroma. Hakusoma hata mstari. Kanuni ya klabu ni kwamba injini ya mshindi hufunguliwa hadharani na kulinganishwa na fomu. Za wengine hakuna anayehangaika nazo. Kwa hiyo gari lilipaswa kushinda. Likiwa la pili, chuma cha Basilia kingeshuka mlima kimefunikwa, asikijue mtu, naye angebaki dada yake Fundi mpaka azikwe.

Jumapili asubuhi matairi yalimwagiwa bia kwa ajili ya Pachamama, mama ardhi, boneti ikatupiwa karatasi za rangi, na Wenceslao akapigwa picha kumi na mbili na ovaroli lake jeupe. Basilia alipanda na lori la watazamaji mpaka kileleni, akakaa juu ya jiwe na majani ya koka ya kutafuna shavuni. Magari yalipanda moja moja, yakipimwa kwa saa. Jamaa mmoja wa mji wa Oruro alitumia dakika saba na sekunde arobaini na nane, na hakuna aliyemkaribia.

Wenceslao alikuwa wa mwisho. Basilia hakulitazama bonde, alisikiliza. Injini ilishuka sauti kwenye kona ya kwanza, kisha ikashika papo hapo, bila kusitasita, na moyo wake ukashika nayo. Akahesabu kona kwa vidole. Kwenye ya kumi na saba sauti ikakatika: yule bwege alikosea gia. Basilia akamtukana yeye na mama yake, ambaye ni mama yao wote wawili. Kisha injini ikavuta tena kutoka chini kabisa, pale ambapo chuma cha Landívar kingekuwa bado kinasinzia, na ile Toyota nyekundu ikakata mstari. Dakika saba na sekunde arobaini na nne.

Wenceslao akapewa kipaza sauti. Hakuna kitu alichokipenda zaidi.

"Ushindi huu ni wa sayansi!" akasema. "Ni wa Injinia Landívar wa Santa Cruz, na kemshafti yake ya milimita kumi na moja na nusu! Na dada yangu pia namshukuru, kwa mikate ya nyama."

Watu wakapiga makofi. Madereva wawili karibu na Basilia wakaanza kuulizana namba ya simu ya Landívar.

Mkaguzi wa klabu, Mzee Teodosio Alanoca, alikuwa mtu mkavu asiyependa hotuba. Alifungua mfuniko watu wakiwa wamelizunguka gari, akaweka saa yake ya kupimia milimita juu ya nundu, akazungusha injini kwa spana, akasoma.

"Tisa nukta nne."

Wenceslao akacheka. "Kumi na moja na nusu, mzee wangu. Futa miwani."

"Nimefuta. Na fomu inasema tisa nukta nne, na sahihi ni yako." Akaigeuza karatasi. "Imechongwa na B. Quisbert, El Alto. Ndiye nani huyu?"

Wenceslao akaichukua fomu. Akaisoma mara ya kwanza maishani mwake, akamtazama dada yake. Kisha akapata akili, maana mtu wa namna hiyo hakosi pa kutokea.

"Aa, hiyo! Mimi ndiye niliyemwagiza. Nilimwambia, dada, hewa ya huku nyepesi, chonga nundu fupi. Landívar nimemtaja kwa heshima tu."

Watu wakaitikia kwa vichwa: ndiyo, ndiyo, Fundi anajua. Basilia akahisi damu inampanda kichwani. Alikuwa amefikiria kila kitu isipokuwa hilo. Angepiga kelele, na kesho mji mzima ungesimulia habari za mwanamke aliyemharibia kaka yake sherehe, wala nundu zisingetajwa. Akasogea kwenye boneti, akatoa mfukoni vile vibamba vyembamba vya kupimia nafasi ya valvu, akamwekea Wenceslao kwenye kiganja chake safi.

"Basi, Fundi, hebu tumalizie. Valvu uliniagiza nizipe nafasi kiasi gani?"

"Ni kweli," akasema mkaguzi, kalamu tayari. "Hapa pameachwa wazi."

Wenceslao akavikunjua vibamba kama mtu aliyepewa karata za mchezo asioujua. Kimoja kikamponyoka, kikaangukia kwenye kokoto. Watu wakangoja. Muuza uji, aliyekuja kumshangilia, akapaza sauti kwa nia njema kabisa:

"Watajie, Fundi! Wafundishe!"

"Niambie," Wenceslao akanong'ona.

"Sisikii," akasema Basilia.

"Dada, tafadhali."

"Dada yako alileta mikate."

Mkaguzi akagonga kalamu kwenye fomu. "Nimuulize nani? Nataka jina la kuandika."

Shingo ya Wenceslao ilikuwa imekuwa nyekundu juu ya kola nyeupe. Akaongea akiitazama kabureta.

"Muulize Fundi Basilia."

"Wa nyuma hawajasikia," akasema Basilia.

"Muulizeni Fundi Basilia!" akafoka, na safari hii hata wa Oruro walisikia.

"Za kuingiza hewa, nukta ishirini na mbili ya milimita, za kutoa moshi, nukta ishirini na nane, injini ikiwa moto," akasema Basilia. "Andika."

Alifurahi. Wapo watakaopenda kusikia kwamba alimhurumia kaka yake, alivyosimama pale na ovaroli lake. Hakumhurumia hata kidogo. Akamnyang'anya vibamba mkononi, akachukua spana na kuufunga mfuniko kabla vumbi halijaingia.